Kanuni ya Saa Mbili Kamili

Nimefundisha wahudumu wa afya kwa miaka mingi, kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani sasa ndio wanaonichoma sindano, na sindano ikiingia huwa najua mara moja nani alikuwa anasinzia darasani. Kwa hiyo nilipoombwa kuandaa mafunzo ya siku tano kuhusu usawa katika huduma za afya, kwa ajili ya wauguzi na matabibu wa zahanati za bonde letu, sikuogopa. Niliona hata fahari kidogo. Niliandika kijitabu kizima mwenyewe, nikakichorea na picha. Mume wangu aliniomba kwa upole nisichore tena, kwa sababu mama mjamzito wa ukurasa wa tano alifanana na mtungi wenye miguu.

Wazo lenyewe si gumu. Huwa nalieleza popote, hata saluni, hata kwa mtu ambaye hajaniuliza. Ukitangaza kwamba kliniki ya watoto ni Jumanne saa mbili asubuhi, kwa watu wote bila upendeleo, unaweza kudhani umetenda haki. Lakini fikiria mama anayekaa nyuma ya zahanati, halafu fikiria na yule aliyehamia shambani msimu wote wa mpunga, anayelala kwenye dungu, kile kibanda chetu cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili watu walinde mazao dhidi ya ndege na nguruwe pori. Huyu wa kwanza umempa saa mbili. Yule wa pili umempa safari ya kuanza gizani, mtoto mgongoni, matope hadi magotini. Akifika saa nne anakuta kliniki imefungwa na jina lake limeshaingia kwenye orodha ya watoro. Mhudumu anatikisa kichwa na kusema mama huyu hajali afya ya mwanawe. Usawa unaanzia pale mhudumu anapomuuliza: ulikuwa wapi, na sisi tufanyeje ili ufike? Nilitaka wahudumu wetu waondoke na swali hilo tu. Mengine yote kwenye kijitabu yalikuwa ya kusindikiza.

Mafunzo ya kwanza yalikuwa ya majaribio. Walialikwa watu kumi na wanane, tukapewa ukumbi mdogo Lipangalala, na mimi nikachagua mwezi wa tano kwa sababu mvua zinakuwa zimepungua na barabara zinapitika. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu, kabla hata ya mama mtungi, niliandika kwa herufi kubwa kwamba tunaanza saa mbili kamili, na kwamba atakayechelewa mara tatu hatapata cheti. Wale wa ofisi ya afya walioniomba mafunzo waliniuliza kama kanuni hiyo si kali mno. Niliwaeleza, kwa muda mrefu kidogo, kwamba mhudumu anayeheshimu saa anamheshimu mgonjwa. Walikubali. Nadhani walitaka kwenda kula.

Jumapili jioni washiriki walikuja kujiandikisha. Miongoni mwao alikuwepo muuguzi mmoja, mkunga wa zahanati iliyoko ng'ambo ya mto, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mwandiko wa kuonea wivu. Kwa wiki ile alikuwa amefikia kwa mama yake mzazi huku Lumemo, pembezoni mwa mji. Aliponiandikia jina lake alibaki amesimama, kisha akaniuliza kama kweli vyeti vitakuwa tayari kabla ya Jumatatu inayofuata. Nilipomuuliza haraka ya nini, alinieleza kwamba kuna orodha ya watakaoruhusiwa kwenda chuoni kusoma stashahada mwezi wa tisa. Mwaka huu ofisi ilikuwa imesema haitamruhusu mtu asiye na cheti cha mafunzo haya. Miaka miwili mfululizo jina lake lilikuwa limerukwa, mara kwa sababu zahanati ingebaki bila mkunga, mara kwa sababu fomu ilipotea mezani kwa mtu. Orodha ingefungwa Jumatatu.

"Wewe hudhuria tu," nilimwambia. "Cheti chako kipo."

Jumatatu alifika saa tatu kasorobo.

Nilikuwa nimeandaa daftari la mahudhurio lenye safu ya mwisho iliyoandikwa sababu ya kuchelewa. Nilikuwa najivunia safu ile. Aliandika humo neno moja, binafsi, kwa mwandiko wake mzuri, akaenda kukaa nyuma. Jumanne ilikuwa hivyohivyo, saa tatu kasorobo, binafsi. Niliona matope kwenye pindo la gauni lake, na niliwaza kwamba mtu aliyefikia mjini hapa angeweza kuchagua njia safi zaidi. Ndivyo nilivyowaza, mimi mtaalamu wa usawa, na sina wa kumsingizia.

Jumanne mchana tulifanya zoezi ambalo nililipenda kuliko yote. Nilikuwa nimetunga kisa cha mama wa dungu aliyekosa kliniki mara tatu, nikavitaka vikundi viseme mhudumu amfanyie nini. Majibu yalinipa raha. Kundi la kwanza lilisema asigombezwe. La pili likasema aulizwe faraghani, maana wengine hawawezi kutaja shida zao mbele ya watu. La tatu lilikuwa na tabibu mmoja mzee anayekaribia kustaafu, mtu wa upande wa Mahenge, mpenda vitumbua na mpenda utani. Yeye alisema mhudumu kwanza ajiulize saa ile ilipangwa kwa kumfikiria nani. Niliandika jibu lake ubaoni na kulipigia mstari mara mbili. Mkunga wetu peke yake alijitenga na kalamu yake. Aliinama juu ya daftari lake mpaka zoezi likaisha.

Jumatano saa tatu kasorobo mlango ulifunguliwa na akaingia. Nilikuwa katikati ya sentensi. Niliimaliza, kwa sababu mimi sentensi zangu huwa nazimaliza, kisha nikamwambia mbele ya wote, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, kwamba hii ni mara ya tatu na kanuni anaijua.

"Naijua, mwalimu. Samahani," alisema, akakaa, akafungua daftari na kuanza kunakili yaliyokuwa ubaoni.

Kilichoniuma ni kule kunakili. Mtu aliyekwisha kukosa cheti angeweza kwenda zake.

Wakati wa chai tabibu mzee alinifuata akiwa na vitumbua viwili kwenye sahani, akanipa kimoja, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Alisema ana swali dogo kuhusu yule mama wa dungu wa jana. Kuna kitu hakukielewa vizuri. Je, hatua ya kwanza kabisa kwa mhudumu ni ipi? Nilifurahi. Nilimweleza kwa kirefu kwamba hatua ya kwanza ni kuuliza, tena faraghani, tena bila kuonyesha kwamba tayari una jibu kichwani, na kwamba mtu akisema "sababu zangu tu" maana yake mara nyingi ni kwamba bado hajakuamini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna, akameza.

"Ahaa," alisema. "Na wewe umeuliza?"

Nilimtazama. Alikuwa anatazama kitumbua changu.

"Kama hukili, nirudishie," alisema.

Nilimkuta mkunga bombani, anasuuza kikombe. Nilimuuliza kama nilivyopaswa kumuuliza Jumatatu. Mwanzoni alisema si kitu, mambo ya nyumbani. Nilikaa kimya, na wanaonifahamu watakwambia hilo kwangu si jambo jepesi. Ndipo akaeleza. Mama yake ana shamba la mpunga kule Lumemo, na punje za mpunga zilikuwa zimeanza kutia maziwa. Ndege wanashuka kunapopambazuka. Kila mwaka mama huwaamia mwenyewe, anawafukuza kutwa kwa kelele na kombeo, lakini wiki ile mguu wake ulivimba akashindwa hata kupanda dungu. Mkunga alikuwa amepatana na jirani wa shamba wapokezane: yeye alinde mashamba yote mawili alfajiri, jirani ayalinde kuanzia saa mbili na nusu hadi jioni. Jirani akifika ndipo yeye anapoondoka mbio kuja Lipangalala. Ndege wa asubuhi tatu tu, alisema, wanaweza kumaliza chakula cha mama yake cha mwaka mzima.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika hivyo kwenye daftari.

"Mwalimu, kule kwangu akina mama wakichelewa kliniki wananiambia walikuwa wanaamia ndege," alisema. "Mimi huwajibu kwamba ndege si sababu. Nawarudisha waje wiki ijayo. Sasa mimi ningeanzia wapi kuandika ndege?"

Nami niliyesimama mbele yake nilizaliwa bondeni humuhumu, upande wa Kiberege. Utotoni niliamia ndege mpaka sauti ikanikauka. Mama yangu alifunga makopo kwenye kamba kutoka dungu letu hadi mwisho wa shamba, na mimi nilizivuta kamba hizo misimu mingi nisiyoweza kuihesabu. Bado nilikuwa nimekaa ofisini na kalenda, nikachagua mwezi wa tano kwa sababu ya barabara, na saa mbili kwa sababu ni saa ya watu wa ofisini. Ndege hawakunipita hata kidogo kichwani.

Nilimwambia nitalitafutia njia. Alisema kama njia yenyewe ni kumpendelea, hataki. Wenzake wangejua, na wana haki ya kulalamika. Akaomba asimame aseme mwenyewe.

Alisema kwa kifupi kuliko mimi. Alisema juu ya ndege na mguu wa mama, na pia juu ya akina mama aliokuwa akiwarudisha. Kisha muuguzi mmoja kijana aliyekuwa anakuja kila siku kutoka Kiberege akanyoosha mkono. Alisema hana neno na dada mkunga, ila na yeye anaamka saa kumi alfajiri ili awahi gari la kwanza. Mtoto wake anamwacha usingizini, na anafika saa mbili kamili kila siku. Je, yeye ambaye hakusema shida zake anapata nini kwa kuwahi?

Lilikuwa swali la haki, na nilifungua mdomo kulieleza. Tabibu mzee aliniwahi.

"Mwalimu, usimweleze. Muulize."

Basi nikamuuliza angependa nini. Alicheka kwa aibu. Alisema kusema kweli, tangu juzi somo la pili lote anasinzia, na anashangaa sikumwona. Tukianza saa nne angelala kidogo, angemnywesha mtoto uji, na angefika akiwa na akili. Mwingine akasema hata yeye. Mwingine akakumbusha kwamba ndege wenyewe hupumzika jua likiwa kali, tangu kama saa nne hadi saa tisa, kwa hiyo tukisoma katika nafasi hiyo hata jirani wa mkunga hataelemewa. Katika muda usiozidi robo saa watu kumi na wanane walikuwa wamepanga ratiba ya siku mbili zilizobaki bora kuliko ile niliyoipanga mimi kwa wiki mbili. Nilichukua kalamu, nikaikata kanuni ya ukurasa wa kwanza mbele yao. Mtu mmoja wa nyuma akauliza kama naweza kuikata na picha ya ukurasa wa tano.

Hata hivyo shida ya cheti haikuwa imekwisha. Kanuni niliweza kuifuta, lakini masomo matatu ya asubuhi aliyasikia nusu tu, na karatasi ya ofisi ilitaka niandike kwa kila mtu kwamba amesoma masomo yote. Nisingeweza kuandika uongo, na mwenyewe hakuutaka. Alhamisi na Ijumaa muda wetu ulikuwa umejaa. Baada ya saa tisa ndege wanarudi, na jirani naye ana watoto wa kupikia. Ilibaki Jumamosi.

"Jumamosi jirani hayupo siku nzima, siwezi kuja, mwalimu," alisema mkunga. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza bila kuinamisha macho. "Lakini wewe unaweza."

Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nilishuka kwenye bodaboda Lumemo, nikapita juu ya kingo za majaruba ya mpunga nimebeba kijitabu, kalamu nene na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Ukuta wa kubandikia sijui nilitegemea kuukuta wapi. Chini ya dungu mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu uliovimba juu ya gunia, kopo mkononi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewapima watu kwa saa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umezaliwa wapi?"

Nilimwambia. Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Basi ndege unawajua," alisema, na hakuongeza kitu. Ingekuwa nafuu kama angeongeza.

Nilipanda ngazi kwa shida, mkunga akanivuta mkono. Juu pale hewa ilikuwa ya baridi na mpunga ulikuwa umeinama mpaka kwenye mstari wa miti ya mtoni. Nilianza na somo la Jumatatu. Nilikuwa nimefika mahali ninapopapenda, nafafanua tofauti ya kumpa kila mtu kitu kilekile na kumpa kila mtu anachohitaji, nilipoona macho ya mwanafunzi wangu yamehama.

"Mwalimu, endelea kueleza, ila vuta na hiyo kamba."

Nilivuta. Makopo yakalia hadi mwisho wa shamba, na kundi la ndege likainuka kama shuka linalokung'utwa, likazunguka, likashuka kwenye shamba la jirani. Tukahamia kamba ya pili. Mikono yangu ilikumbuka kazi kabla yangu. Koo halikukumbuka; nilipiga kelele mara tatu nikaanza kukohoa, na kutoka chini nikasikia sauti ya mama.

"Huyo akimaliza debe la maneno, ndege wamemaliza debe la mpunga. Mwambie afupishe."

Nilifupisha. Somo la dakika tisini niliweza kulisema kwa dakika ishirini, na nililazimika kukubali kwamba halikupoteza kitu. Nilipofika la tatu nilimpa mtihani wa mdomo. Nilimtaka anipangie kliniki ya watoto kwa ajili ya akina mama wanaolala mashambani kule kwake. Hakusita. Alifungua daftari kwenye ukurasa ambao Jumanne, wakati sisi tukijadili kwa sauti, yeye alichora humo njia zote za kule ng'ambo, zinazofungwa na maji na zisizofungwa. Akaeleza kwamba kuna gulio kila Alhamisi kwenye mwinuko. Jua likipanda na ndege wakitulia, akina mama wa madungu huja pale kununua chumvi na sabuni. Mizani ya watoto inafungwa popote penye mti. Sanduku la chanjo linabebeka kwenye pikipiki. Kliniki ianze saa tano na iishe saa nane ili warudi kabla ndege hawajarudi.

"Na wale niliowarudisha," alisema, "nitaanza nao. Majina yao ninayo, niliyaandika mwenyewe kwenye orodha ya watoro."

Jibu hilo halikuwemo kwenye kijitabu changu. Sasa limo. Picha imetolewa.

Jumatatu nilikuwa ofisini wanafungua mlango. Bibi anayeshughulikia orodha ya masomo ni mtu wa haraka, na ana miwani anayoishusha puani anapokuwa na mashaka. Alipitia majina kumi na manane, na kwenye la mkunga akaishusha. Alisoma kwa sauti kwamba masomo matatu yamefanyikia shamba la mpunga, Lumemo, Jumamosi, kuanzia mapambazuko. Akaniuliza ukumbi huo ni wa nani.

Nilivuta pumzi ili nianze mwanzo. Aliinua kiganja.

"Mwalimu, nakujua. Kwa kifupi."

"Hakuweza kuja," nilisema. "Nikaenda."

Alisubiri, nadhani kwa mazoea, aone kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Aligonga muhuri kwenye cheti, kisha akachukua ile orodha ya watakaokwenda chuoni, akaliandika jina la mkunga mwishoni, mahali palipokuwa pamebaki mstari mmoja.

Nilimpigia simu nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Alikuwa hajavuka mto kurudi kazini; aliomba nisubiri, nikasikia makopo na sauti ya mama yake ikiamrisha, halafu akarudi. Nilimpa habari.

"Mwalimu," alisema, "huko chuoni wanaanza vipindi saa ngapi?"

Nilimwambia ukweli. Saa moja na nusu.

Nilisikia anamwambia mama yake, na mama akicheka kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Si neno," alisema mkunga. "Mwezi wa tisa mpunga utakuwa ndani. Waambie hata saa kumi na moja alfajiri nitakuwa mlangoni."